Nimetua kwenye zege, mtu anasema "TURUDIE"

Wakuu, naandika nimelala kifudifudi, upande mwingine haulaliki. Yule dairekta, yule wa miwani myeusi hata saa nane usiku, mnamjua, leo kanirusha kutoka ghorofani huko Mbezi. Nimefika chini, vumbi halijatulia, anasema: "Turudie."

Turudie! Wala si pole. Wala si "uko hai?"

Naruka badala ya stelingi, mwenyewe yuko kivulini na dafu lake. Chini magodoro mawili ya sponji, ya kuazima gesti ya jirani. Wenzetu wanapanga maboksi matupu tabaka kwa tabaka, magodoro juu, ili ukidondoka maboksi yabonyee yameze kishindo. Nilipomwambia akasema maboksi yataharibu picha. Haya. Nahesabiwa moja, mbili, namwona mhudumu wa gesti anaburuta godoro moja, kumbe kapata mteja! Tatu hiyo, na mguu ushatoka ukutani. Kule hewani nilikaa mpaka nikaiona Bagamoyo. Nimetua nusu sponji nusu zege.

Naye: "Turudie, umeanguka kama mtu anayeogopa."

Wakuu, NILIKUWA mtu anayeogopa!

Mzee wa Kota: Pole mkuu. Ila sisi tuliokuwepo, hiyo ghorofa ilikuwa ukuta wa choo.

Mleta uzi: Panda wewe uone urefu wake.

Fundi Taa: Una bahati umeambiwa turudie. Mimi alinisimamisha kwenye dimbwi nimeshika waya wa jenereta, nikalalamika, akasema mvua hiyo ya bure isipotee.

Binti Pwani: Mnacheka tu. Marekani, Oktoba 2021, mazoezini kwenye filamu ya Rust, bunduki iliyotangazwa kuwa salama ilikuwa na risasi ya moto. Mpiga picha mkuu Halyna Hutchins akafa. Na mwigizaji Brandon Lee alishakufa kwa bunduki ya kuigizia tangu 1993. Watu hawajifunzi.

Mzee wa Kota: Dada, bunduki yetu ni ya mbao, mlio anautoa prodyuza kwa mdomo.

Boda wa Tegeta: Mimi nilikodiwa sini ya kufukuzana. Barabara haijafungwa, konda wa daladala hajui kama ni filamu, ananitukana kwa moyo wote. Matusi yamebaki kwenye filamu, taa yangu ya mbele sijalipwa mpaka leo.

Mleta uzi: Turudie! Yaani kanitazama usoni, turudie!

Mhudumu: Kaka, godoro letu lile mmelirudisha na tundu. Nani analipa?

Maiti Mstaafu: Afadhali nyie mnaanguka. Mimi nimeigiza maiti, wakanifunika kwenye jeneza, wakaenda kula. Nimegonga mpaka vidole vikavimba.

Boda wa Tegeta: Walikula nini?

Maiti Mstaafu: Wali maharage.

Fundi Taa: Maharage tena! Siku 11 lokesheni, maharage siku 11. Nyama anawekewa stelingi kwenye hotipoti yake, na kufuli.

Mleta uzi: Wakuu, na nyonga yangu je?

Fundi Taa: Subiri kwanza. Huyo mama ntilie si yule anayetia sukari kwenye maharage?

Maiti Mstaafu: Huyohuyo! Kumbe nawe umeyala?