Naomba ushauri: fizi za mama na huku kusahau

Assalam aleikum ndugu zangu, na wengine hamjambo. Niko Majengo, Mombasa, namuuguza mama yangu, ana miaka 78. Ana sukari, na siku hizi anasahau sana: anatoa salamu, mswala haujakunjwa, ananiuliza kama alasiri imeadhiniwa. Pamoja na hayo fizi zimevimba, zinatoka damu, na magego ya chini yanacheza. Miaka yote alikuwa mtu wa tambuu.

Nimejaribu kumsukutulisha maji ya chumvi ya vuguvugu, nikanunua na mswaki laini. Akiuona tu anafumba mdomo, na ukilazimisha atakung'ata kidole. Daktari wa meno anataka kusafisha chini ya fizi na kung'oa magego. Kaka yangu anasema tusimtese bi mkubwa.

Nimesoma kuwa mwaka 2019 watafiti waliandika katika jarida la Science Advances kwamba sumu za bakteria wa fizi, Porphyromonas gingivalis, zilikutwa kwenye bongo za marehemu waliokuwa na Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kusahau. Lakini anayesahau husahau pia kupiga mswaki, sasa kipi kilitangulia?

Naomba kuuliza: aliyewahi kumtibu mzee wake fizi, kusahau kulipungua au ni mdomo tu uliopona? Na mzee anayekataa mnamswakisha vipi? Dawa za kusugua za mitaani tafadhali hapana, hiyo sukari yenyewe yanitosha.