Mjadala: Viwanda vya sukari vya Kenya vilindwe tena, au vijitetee sokoni?

Wanaosema sukari haiwezi kuinua viwanda wamesahau Mumias, kampuni ya sukari ya magharibi mwa Kenya, ilivyokuwa. Ilianza kusaga mwaka 1973, ikazaa mafundi wa boila, gereji za matrekta na maduka yaliyoishi kwa mshahara wa kiwanda. Baadaye makapi ya miwa yakazalisha umeme, megawati 26 zikauzwa kwa gridi ya taifa, na molasi ikageuzwa ethanoli. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni.

Tunalaumu sukari ya nje. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulipewa kinga, yaani ruhusa ya kuwekea kikomo sukari ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ili viwanda vijirekebishe, na kinga hiyo ikaongezwa mara baada ya mara hadi ilipokwisha mwaka 2025. Nani alijirekebisha? Kwa maoni yangu, ugonjwa uko kati ya shamba na lango la kiwanda. Muwa wa magharibi hukaa shambani mwaka na nusu, hata zaidi, na ukishakatwa sukari yake huanza kupungua. Alipwe mkulima kwa utamu wa muwa; aliyezoea kulipwa kwa uzito, tena kwa kucheleweshwa, atajali utamu wa nini? Atang'oa miwa apande mahindi. Mwaka 2025 serikali ilikodisha Nzoia, Chemelil, Muhoroni na SONY (South Nyanza), viwanda vyake vinne vya sukari, kwa miaka 30. Haya, mitambo itasaga nini?

Mkulima, Bungoma: Ndugu, usitubebeshe sisi. Viwanda vyenyewe ndivyo vinavyonyang'anyana miwa michanga. Mwaka 2023 usagaji ulisimamishwa kwa sababu iliyobaki shambani haikuwa imekomaa. Na hiyo habari ya kulipwa kwa utamu, mashine ya kupima itakuwa ya nani? Mizani tu tumegombania miaka yote!

Mnunuzi, Nakuru: Mimi naona mnasahau anayekunywa chai. Kinga hiyo niliilipia mimi, kila kilo.

Mwanzisha mjadala: Mkulima, hapo umenishika. Basi mizani na kipimo cha utamu visimamiwe na Bodi ya Sukari, mwenye kiwanda asiviguse, na malipo yawe na tarehe yenye adhabu. Mnunuzi, ningekubali ulipe zaidi kwa miaka michache iliyowekwa mapema, kiwanda kikionyesha umeme na ethanoli. Bila hivyo, sukari ya Misri na Mauritius iingie. Anayetetea kinga isiyo na ukomo aseme itamsaidia nani.