Tupeane uzoefu: ni siku gani uligundua kwamba bila simu hujiwezi?

Pweza Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye pantoni navuka kwenda Kigamboni, saa moja usiku, ule muda wa watu kubanana. Nimeegemea ukingo, simu mkononi, nafuatilia matokeo ya mpira. Jamaa mwenye beseni la samaki akapita nyuma yangu, beseni likanigonga kiwiko. Chubwi! Hata sauti haikunitoka. Nikabaki naangalia mwanga wake ukizama taratibu mpaka ukapotea. Mama aliyekuwa pembeni akaniambia "pole mwanangu", halafu naye akaitoa yake mkononi akaisokomeza kifuani.

Simu yenyewe haikuniuma sana, kioo kilishapasuka na chaji ilikuwa haifiki saa nane mchana. Maumivu yalianza tuliposhuka. Mfukoni nina mia mbili. Hela yote iko kwenye laini, na kadi ya benki ilikuwa ndani ya kava ya simu, kwa hiyo nayo imekwenda kuogelea.

Nikamwomba simu kijana muuza karanga nimpigie mke wangu. Kijana mstaarabu, akanipa. Nikasimama nayo. Sifuri, saba... basi. Miaka 9 ya ndoa, namba ya mke wangu siijui. Mimi huwa nabonyeza "Mama Watoto" tu. Zilizonijia kichwani ni namba mbili: ya simu ya mezani ya duka la marehemu baba kule Morogoro, na ya laini yangu ya kwanza kabisa, ile ya 0744 kabla hatujahamishiwa 0754. Yaani kichwa kimetunza namba mbili tu, na zote hakuna wa kupokea.

Boda mmoja akanionea huruma, akanifikisha Kibada kwa mkopo.

Kesho yake ndipo nikaona kazi. Kurudisha laini kunahitaji kidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Kidole ninacho. Namba ya NIDA, tarakimu zote 20, niliipiga picha nikaihifadhi... mnajua wapi. Karatasi yake niliitupa mwenyewe nikisema "si ipo kwenye simu". Kadi mpya ya benki inataka ripoti ya polisi ya kupotelewa. Ripoti siku hizi unaiomba mtandaoni, unapewa kontroli namba (namba ya malipo), unalipia, na mimi malipo yote nafanyia kwenye simu. Nikajaribu barua pepe kwenye kompyuta ya ofisini, ikaniambia wameshatuma tarakimu za uthibitisho kwenye simu yangu. Kila mlango niliougonga, ufunguo wake uko chini ya bahari.

Siku 4 nimeishi hivyo. Sizungumzii kukesha TikTok, hilo kila mtu analijua la kwake. Nazungumzia mtu mzima wa miaka 41, mwenye kazi na familia, anageuka kama hana jina kwa sababu ya beseni la samaki. Wewe ulibanwa wapi? Tusimulie, tusihubiriane.

Chumvi Nyingi

Pole mkuu. Ila hapo kwa shemeji umekanyaga waya. Hajakuuliza?

Pweza Mkavu

Aliuliza. Halafu akauliza kama ya mama yangu naijua. Nikasema nayo siijui. Akacheka, ndiyo ikawa salama yangu.

Boda wa Tegeta

Mimi sikubaliani na hili neno utegemezi. Mkulima anategemea jembe, mbona hamjamwanzishia uzi? Simu ndiyo inaniletea abiria, ndiyo ramani, ndiyo nalipwa nayo. Wenye ofisi ndio wanaona simu ni starehe.

Ila nikiri moja. Simu yangu ni ya mkopo, ile ya kulipa kila siku. Usipolipa inajifunga, kioo kinabaki kinakudai tu. Machi niliumwa malaria siku tatu. Napona, natoka asubuhi, simu imefungwa. Bila simu sipati abiria wa programu, bila abiria sipati hela ya kuifungulia simu. Nilikaa kijiweni toka saa kumi na mbili hadi saa nne nasubiri abiria wa mdomo, ananyoosha mkono "boda!" kama zamani. Nikampata mmoja wa elfu mbili. Nikaenda kwa wakala nikalipia, ikafunguka. Sijawahi kufurahia elfu mbili hivyo.

Kwa hiyo jembe, sawa, lakini jembe lenye mwenyewe.

Mkunga Msitaafu Bado

Boda amesema kweli, simu ina sura mbili. Nimefanya kazi zahanati za vijijini miaka mingi. Usiku mmoja umeme umekatika, mama uchungu umeshika, mtoto kichwa kinaonekana. Nilizalisha kwa tochi ya kiswaswadu, kile kisimu kidogo cha vitufe, nimekibana kwa meno. Mate yalinitiririka hadi kwenye gauni. Mtoto alitoka mzima, leo yuko shule ya msingi. Tochi ile mimi siwezi kuisema vibaya.

Siku hizi taa za sola zipo. Na simu zipo pia, za ndugu. Mtoto hajafutwa vizuri, shangazi ameshamwingiza status. Juzi mmoja aliniomba "nesi sogea kidogo unaziba mwanga". Nilisogea kweli, halafu nikajiuliza nimesogea ili iweje.

Mwalimu Makete

Vijana, nisikilizeni kidogo mimi mzee.

Mwaka 1987 kaka yangu alifariki Tanga. Nilipata habari kwenye matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, na wala sikuyasikia mwenyewe: jirani ndiye aliyesikia jina la ukoo akaja kunigongea usiku. Nilisafiri siku mbili. Nilifika kaburi limeshaota nyufa. Mpaka leo naona deni.

Mwaka 2022 dada yangu akafariki Dodoma. Nilikuwa nakunywa chai. Simu ikalia, kundi la ukoo. Kabla sijasoma neno hata moja nikaona picha yake amelala, wameshamfunga kidevu. Hakuna aliyenipigia. Kila mmoja alidhani kwa kuwa imewekwa kwenye kundi basi nimeambiwa.

Kumzika nilimzika, nilifika mapema kabisa. Lakini yule jirani wa 1987 alikaa na mimi mpaka alfajiri. Hili la pili nililisoma peke yangu, chai ikapoa.

Dereva wa Tunduma

Mwalimu umenigusa.

Mimi nina miaka 14 barabara ya Dar hadi Tunduma. Naenda moja kwa moja: nilikuwa nashuka mlima Kitonga na mzigo tani 28, meseji ikaingia. Nikainamisha jicho kusoma. Neno lenyewe lilikuwa "umekula?" Nikainua kichwa, taa za breki za basi ziko puani kwangu. Nilipiga breki mpaka moshi wa matairi ukaingia ndani, tukasimama pengo la kama hatua tano. Utingo alishuka, akatembea kwa miguu mpaka chini Ruaha Mbuyuni, alikataa kupanda.

Toka siku hiyo nikishika usukani simu anakaa nayo utingo mpya. Yeye ndiye anapokea, anajibu, anasalimia wakwe. Mke wangu sasa anamjua huyo kijana kuliko anavyonijua mimi. Juzi amemtumia hela ya viatu.

Dada wa Mikoba

Mimi nauza mikoba Instagram, sina duka, stoo yangu ni uvungu wa kitanda. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mnaikumbuka? Mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikasinzia Tanzania nzima na nchi kadhaa jirani. Nilidhani bando limeisha, nikanunua jingine. Halafu jingine. (Najua hamko mbali na mimi kwa hilo.)

Jumatatu ndipo nikaelewa. Wafuasi zaidi ya elfu kumi, lakini siwezi kumfikia hata mmoja. Siwajui majina, siwajui wanakaa wapi. Kupiga simu kulikuwa kunawezekana, shida ni kwamba sikuwa na wa kumpigia. Ila mdogo wangu alikuwa na tabia ya kuandika namba za wateja wa kuletewa kwenye daftari la shule, nikimcheka mshamba. Zilikuwa namba 37. Tulikaa sakafuni tukapiga moja baada ya nyingine, "dada, mzigo mpya umeingia". Tukauza mikoba 6. Mteja mmoja akashangaa: "Kumbe una sauti nzuri, nilijua wewe ni mwanaume."

Sina Jina Leo

Naandika kwa jina jingine maana aibu bado ipo.

Nilikopa kwenye programu ya mikopo. Nikaomba 50,000, ikaingia 35,000, siku saba nirudishe hamsini na kitu. Wakati wa kujiunga iliniuliza kama inaruhusiwa kuona majina niliyohifadhi, nikabonyeza ndiyo kama tunavyobonyeza zote. Nilichelewa siku mbili. Meseji zikaenda kwa watu wangu kwamba mimi ni tapeli na wao ni wadhamini wangu: mchungaji, mwenye nyumba, mama mkwe, mpaka fundi friji niliyempigia mara moja mwaka 2019. Fundi ndiye pekee aliyenipigia kuuliza kama niko salama. Huyo fundi!

Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Yangu ilikuwemo. Nilifurahi kwa dakika kama kumi, halafu nikakumbuka kuwa bado sijarudi kanisani.

Niko Muscat

Asalaam aleikum. Mimi nafanya kazi za ndani Oman, mwaka wa tatu huu. Mnaposema watu wameizidisha simu nawaelewa, lakini msinihesabu. Nyumba ya kwanza niliyofikia walinichukua simu, nikawa napewa Ijumaa nusu saa. Nusu saa ile nilikuwa nashindwa hata kuongea, nalia tu, muda unakwisha.

Nyumba hii ya sasa naachiwa. Kupiga kwa WhatsApp huku kumezuiwa, kwa hiyo tunatumiana sauti. Mwanangu wa Tanga ananirekodia akisoma juzuu, akikosea anajisahihisha mwenyewe, nyuma yake nasikia jogoo wa mama na pikipiki za barabarani. Mimi nazisikiliza usiku nikipiga pasi. Nina sauti zake zaidi ya mia nne. Alianza ana kigugumizi cha herufi ra, sasa anaitamka. Nimemlea masikioni.

Pweza Mkavu, wewe umepoteza namba. Yangu ikizama, nadhani nitaruka nayo.

Pweza Mkavu

Dada wa Muscat, zihifadhi na pengine. Nakuomba. Mtumie hata ndugu mmoja aziweke kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Fanya leo.

Niko Muscat

Nimeanza. Zimeshaenda 60.

Mtoto wa Rongai

Nairobi hapa. Nyinyi mnalia na siku nne, sisi hata saa moja ni noma. M-Pesa ilianza 2007 nikiwa shule ya msingi, kwa hivyo sijawahi kuwa mtu mzima mwenye pochi. Kinyozi, mama mboga, sadaka kanisani, zote natuma. Sasa mwaka jana niko ndani ya matatu ya Rongai, mfukoni hakuna hata shilingi, simu ikazima chaji. Makanga ananiangalia. Mimi namwangalia. Gari nzima inatuangalia. Akasema niombe msamaha kwa abiria, nikasimama nikaomba. Dada mmoja akanilipia mia, akaniandikia namba yake kwa tiketi ya zamani ya kanisa nimrudishie. Alinihifadhi kama "Deni Rongai". Bado niko hivyo kwa simu yake, na tunaoana Desemba.

Chumvi Nyingi

Huyu amekuja kututangazia harusi. Tuma namba ya mchango.

Mama Wawili

Mimi nimesoma zote nikaishia kujitazama. Mwanangu mdogo hali bila katuni, nikizima anaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikamsema kwa dada yangu, kumbe wa kwanza ana miaka sita na anasikia. Akaniambia, "Mama, na wewe ukiwa unakula unaangalia." Nikaigeuza kifudifudi mezani. Nimemaliza wali siku hiyo kwa dakika tano, sikujua nakula haraka hivyo.

Pweza Mkavu

Wakuu asanteni. Dada wa Mikoba, nimeiga daftari lenu. Namba 12, madaftari mawili: la kwanza liko nyumbani, la pili ofisini. NIDA nimeiandika nyuma ya picha ya harusi. Elfu kumi ya karatasi inakaa kwenye soksi. Na namba ya Mama Watoto nimeikariri kwa kuiimba, watoto wameidaka, sasa wanaiimba mtaa mzima, nadhani hilo nalo tutalijutia.

Limebaki la boda aliyenikopesha. Namba yake sikuichukua, ningeiweka wapi? Nilimtafuta vijiwe vitatu, siku ya nne nikamkuta Feri anakula mihogo. Nikamshukuru, nikatoa ile elfu kumi ya kwenye soksi. Deni lilikuwa elfu tatu. Akaiangalia, akaniangalia.

"Bro, sina chenji. Nitumie tu kwenye simu."