Tupeane uzoefu: uliwahi kuishiwa muda kwenye mtihani?

Kaka Mkubwa: Wakuu, mdogo wangu wa kidato cha nne jana katoka kwenye moko (mtihani wa majaribio) ya Hesabu analia. Maswali 14, saa 3, kafika la 11. Usiku tukakaa naye, matatu yaliyobaki akayafanya yote, sahihi. Sasa huyu hajui hesabu au hana mbio?

Mtoto wa Tabora: Hana mbio tu. Mimi pia.

Mama Zawadi: Umenikumbusha mbali. 2009, pepa ya Historia. Insha ya kwanza ikaja vita vya Majimaji. Babu yangu mtu wa Songea, nimekua nayo hiyo habari. Nikawa nafikiri kwa Kiswahili, natafsiri kichwani, ndipo naandika Kiingereza. Kurasa nne. Nasikia "zimebaki dakika kumi na tano", insha nyingine sijaigusa! Mkono umekufa ganzi. Msimamizi akavuta karatasi, nikaing'ang'ania, ikachanika katikati. Chumba kizima kikageuka. Akaviunga vipande kwa uzi, hakusema neno. Mpaka leo mtu akisema "muda umekwisha", hata kikaoni, moyo unanidunda.

Mtoto wa Tabora: Ikachanika?! Pole sana dada.

Ticha Hesabu: Alama 100, dakika 180. Aliyefanya mazoezi anamaliza. Daktari akiletewa majeruhi anaomba nyongeza?

Fundi Umeme: Ticha, dharura ndiyo kazi ya daktari. Mhasibu nani anampigia kengele? Na wasioona wanaongezewa dakika 20 kila saa kwenye Hesabu, 10 masomo mengine. Kwa hiyo wenye mtihani wanajua kusoma polepole si kutojua.

Ticha Hesabu: Hao wanasoma nukta nundu. Usichanganye.

Fundi Umeme: Sichanganyi. Aliyesoma msingi yote kwa Kiswahili naye kila swali la Kiingereza analisoma mara mbili.

Bi Mkubwa Tanga: Kaka, mwambie aanze na sehemu B, kila swali alama 10.

Ticha Hesabu: Asithubutu! Aanze A, apate moyo.

Mtoto wa Tabora: Avae saa yake mwenyewe.

Bi Mkubwa Tanga: Saa ndiyo iliniponza, kila mstari naitazama. Mama Zawadi, hiyo insha nyingine ilikuwa ya nini?

Mama Zawadi: Misafara ya Wanyamwezi. Niliijua yote, mwanzo mpaka mwisho.

Kaka Mkubwa: Mdogo wangu kasoma haya mliyoandika. Anauliza ulipata ngapi.

Mama Zawadi: D. Mwambie Jumamosi achukue pepa ya zamani, umshikie saa.