Naomba ushauri: wapi napata mipira ya kalipa ya breki ya pikipiki bila kununua kalipa nzima?

Wakuu, habari za kazi. Nipo Morogoro, natumia Bajaj Pulsar 150 yenye breki ya diski mbele. Ukiachia breki, pistoni hairudi vizuri, pedi zinabaki zimeng'ang'ania diski na tairi linazunguka kwa uzito. Fundi amefungua kalipa (kile chuma chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski): pistoni ni safi kabisa, haina kutu wala mikwaruzo, ila ule mpira wa ndani umekakamaa. Mpira huo ndio unaoivuta pistoni irudi, kwa hiyo kupiga msasa pedi hakutasaidia kitu.

Maduka ya hapa yote yananiambia ninunue kalipa kamili. Inaniuma kutupa chuma kizima kwa sababu ya vimipira viwili na kifuniko cha pini!

Kwa wanaoijua Kariakoo, upande wa Gerezani kuna duka linalouza seti ya mipira peke yake? Bei inachezea ngapi? Na je, nikimpimia muuzaji kipenyo cha pistoni, mpira wa pikipiki nyingine wenye saizi hiyohiyo unafaa, au mfereji unaokaa mpira ndani ya kalipa hutofautiana? Feki sitaki, hii ni breki.