Naomba ushauri: kisima changu kiko chini ya shamba la mikorosho, nipime nini kwenye maji?

Mkulima wa Chikundi
Habari za leo, ndugu zangu. Ninalima korosho wilayani Masasi, upande wa bonde la Mto Lukuledi. Mwaka juzi nilichimbisha kisima chenye kina cha mita 9 mwisho wa mteremko wa shamba, na kaya nne za jirani huchota humo pamoja nasi. Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, tunapuliza salfa ili kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na upepo ukigeuka vumbi lake la njano hutua mpaka kwenye mfuniko wa kisima. Aliye juu yangu analima nyanya na huweka mbolea ya urea mara kwa mara. Maji ni maangavu na hayana harufu, ila mwaka huu nayaona yana uchachu kidogo.

Kinachoninyima usingizi ni mjukuu. Mkaza mwanangu amejifungua mwezi uliopita, maziwa yake hayatoshi, na mtoto anakorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo baada ya kuchemshwa. Naombeni mnieleze nipime nini, wapi, na kwa wakati gani.

Mwalimu wa Kemia
Shikamoo, mzee wangu. Naomba tuanze na mtoto, kwa sababu hilo halisubiri maabara. Kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti inayotokana na urea, samadi na vyoo haiondoki kwa moto. Maji yanapopungua kwa mvuke, naitreti hubaki yote sufuriani, hivyo kiwango chake katika kila lita hupanda. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za naitreti kwa lita, na kiliwekwa hasa kwa kuwafikiria wachanga wanaonyweshwa kwa chupa, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo naitreti inapozidi. Tangu leo mkorogeeni maziwa kwa maji ya chanzo kingine kilichokwisha kupimwa, na yachemsheni kama kawaida. Mkiona midomo, fizi au kucha zake zinageuka kijivu au buluu, mkimbizeni kituo cha afya bila kungoja kesho.

Kuhusu uchachu, salfa yenyewe haiyeyuki majini, lakini bakteria wa udongoni huigeuza polepole kuwa asidi na salfeti, na hizo ndizo zinazoshuka na maji ya mvua. Kwa hiyo omba pH (kipimo cha uchachu wa maji), salfeti, naitreti na vijidudu vya kinyesi. Utakapopokea majibu, tazama kama wameandika naitreti yenyewe au naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti, kwa kuwa kwa namna hii ya pili kikomo ni 11 badala ya 50, na nimeshuhudia watu wakishangilia 20 wakidhani wako salama.

Mama Nangurukuru
Mzee, usirudie kosa langu. Nilipeleka maji kwa chupa ya juisi niliyoisuuza mara moja, yakakaa kwenye basi siku nzima juani, na fedha yangu ikapotea bure. Maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji ipo Mtwara mjini. Wapigie kwanza, au upitie ofisi ya RUWASA (wakala wa maji vijijini) ya wilaya yako, ili wakupe chupa zao. Maji ya kupima vijidudu yakae kwenye barafu na yafike ndani ya saa 6, na yakichelewa sana yasivuke saa 24. Ya viuatilifu huwekwa kwenye chupa ya kioo cheusi. Tena maabara haiwezi kupima "dawa zote" kwa pamoja, hivyo nakili viambato hai, yaani kemikali zinazofanya kazi ndani ya dawa, kutoka kwenye lebo za dawa ulizopulizia wewe na alizotumia jirani wa nyanya, kisha uulize kama wanavipima hapo au watakuelekeza kwingine.

Mzawa wa Newala
Kwa heshima, wazee wetu wamekunywa maji ya mabondeni miaka yote bila vipimo.

Fundi Visima
Ndugu yangu wa Newala, wazee hao hawakuwa na urea wala mashine za kupulizia juu ya kisima.

Mzee wa Chikundi, pima mara mbili: mwezi wa kumi kabla ya mvua, kisha Januari au Februari mvua zikishakolea, kwa maana msimu wetu ni mmoja na ndio unaoshusha vya shambani. Kabla ya hapo kagua kisima chenyewe. Je, zege la mdomoni lina ufa? Choo kiko umbali gani, na kiko juu ya mteremko au chini? Vijana wanasuuzia wapi mashine na ndoo za dawa baada ya kazi?

Mkulima wa Chikundi
Asanteni sana, wanangu. Nimetoka kuangalia sasa hivi. Wanasuuzia hatua kama kumi kutoka kisimani, na ndoo moja ya kuchotea ilikuwa ya dawa. Nimeiondoa. Mtoto tumeanza kumletea maji ya bomba kutoka kwa ndugu yetu Masasi mjini, na Jumatatu nitakwenda RUWASA kuulizia chupa. Je, kaya zile nne niziambie sasa, au ningoje majibu?

Mwalimu wa Kemia
Waambie leo, mzee, na uanze na nyumba yenye mtoto mchanga au mjamzito.