Msaada: kitabu cha picha cha historia ya matangazo, nichague kipi na nikitunzeje huku Mtwara?

MsanifuShangani
Wakuu, habari za jioni. Kazi ni kuandika mabango na kuchapa fulana, hapa Mtwara mjini. Nataka kitabu kimoja kikubwa cha picha kuhusu historia ya usanifu wa matangazo, na hela ni ya kimoja tu. Muuzaji yuko Dar, anatuma picha kwa simu. Nitajuaje kama kitabu ni kizuri bila kukishika? Na zile karatasi za kung'aa zitahimili unyevu wa huku kwetu?

Pambizo
Mkuu, jalada liache. Mwombe akupigie picha ukurasa wa hakimiliki, kisha ukurasa wenye tangazo la gari la Volkswagen la 1959, lile la kampuni ya matangazo ya Doyle Dane Bernbach ya Marekani. Karibu kila kitabu cha fani hii kinalo, ndiyo maana linafaa kuwa kipimo. Gari ni dogo, limekaa juu upande wa kushoto, pembeni weupe mtupu, maelezo yako chini kwa safu tatu. Mhariri akikata ule weupe ili picha ienee kwenye nafasi yake, ameliua tangazo, kwa sababu udogo wa gari unasemwa na nafasi iliyoachwa wazi. Na picha ikiwa na upana wa sentimita 5, maneno hayasomeki, kwa hiyo umenunua nusu ya kazi.

Angalia pia maandishi yaliyo chini ya picha. Yawe na jina la msanii, mwaka, namna ilivyochapwa na vipimo vya kazi halisi. Vipimo vikikosekana, lebo ya kiberiti na bango la ukutani vinaonekana vya saizi moja.

Ukurasa wa hakimiliki ni kwa ajili ya toleo. Kitabu cha Philip Meggs, A History of Graphic Design, kwa mfano, kilitoka mara ya kwanza 1983, na matoleo ya mwanzo yamejaa picha nyeusi na nyeupe. Ya baadaye yana rangi. Usilipe bei ya rangi ukaletewa la zamani.

Kaskazi_Lindi
Naongezea. Kitabu cha Richard Hollis, Graphic Design: A Concise History, cha 1994, ni kidogo na kinabebeka, maelezo yake yamenyooka, lakini picha zake ni ndogo. Kwa mtu anayetaka kutazama na kuiga mpangilio, sikipendekezi kiwe cha kwanza.

Ukikipata hicho kikubwa, usianze ukurasa wa kwanza. Nenda kwenye bango la viberiti vya Priester, kazi ya msanii Lucian Bernhard, Berlin, miaka ya 1900 mwanzoni. Inaelezwa kuwa mchoro wa awali ulikuwa na meza, sigara na mapambo mengine, akapunguza hadi zikabaki njiti mbili na jina la bidhaa. Kwa anayeandika ubao wa duka la spea, bango hilo lina faida kuliko sura nzima ya Bauhaus, ile shule ya usanifu ya Ujerumani. (Najua watakuja kunipinga.)

Halafu usitegemee kukuta kanga humo. Pindo, mji, jina: picha na maneno vimepangwa kwenye kitambaa kimoja, na vitabu vingi vya Ulaya na Marekani vinapita kama havijaona. Tandika doti moja pembeni ulinganishe mwenyewe.

Mhifadhi_Kusi
Nijibu la unyevu, maana hapo ndipo vitabu hivi vinapofia. Karatasi ya kung'aa, wachapaji wanaiita ati pepa, imepakwa tabaka la udongo mweupe laini na gundi. Ikilowa, ile gundi inalainika. Ikikauka kurasa zikiwa zimebanana, zimeshikana moja kwa moja, na ukizivuta picha inabanduka. Kwa hiyo kikilowa kishughulikie kabla hakijakauka: weka karatasi ya kuokea keki kati ya kila ukurasa, kisimamishe, washa feni. Jua hapana, pasi hapana. Kama huna nafasi siku hiyo, kifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa ukiweke kwenye friza ili usimamishe kukauka. Mfuko uwe mzima, la sivyo kitanuka samaki.

Kuvu huanza kuota unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hivi, na masika huku asubuhi tunapita 80 bila shida. Rafu usiiegemeze ukuta wa nje. Acha sentimita 5 hadi 10 hewa ipite. Vitabu usivibane. Ukitumia boksi la plastiki lenye mfuniko, weka vipakiti vya silika, zile chembe za kunyonya unyevu, vya kutosha, nusu kilo kwa boksi la lita 50, pamoja na kipimo cha unyevu. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba: ioke kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, irudishe. Ukifungia kitabu chenye unyevu ndani ya boksi bila silika, umeotesha kuvu mwenyewe.

Uzito nao uuzingatie. Kurasa 600 ni majani 300. Kwa karatasi ya gramu 150 kwa mita mraba yenye ukubwa wa A4, karatasi peke yake ni kama kilo 2.8. Kikisimamishwa bila kushikiliwa, mgongo unachanika. Kilaze, na kwenye basi kisafiri kimelala.

MsanifuShangani
Shukrani sana wakuu. Picha za humo naweza kuzipiga nikazikuza hadi A3 nibandike ofisini?

Pambizo
Za kuchapwa zina vitone, kwa kawaida kama 150 kwa inchi. Picha ya sentimita 6 ina vitone kama 350 tu kwa upana. Ukiikuza hadi sentimita 30, kila kitone kinakaribia milimita moja, na kamera itaongeza mawimbi ya ajabu juu yake. Skani kwa dpi 600, washa kifuta vitone kama programu yako inacho, kisha usizidishe mara mbili ya ukubwa wa kitabuni. Wakati wa kuskani usikandamize mgongo. Kunja kanga uiweke chini ya jalada la upande ulio juu.